Maswali ya Wasomaji: Mzunguko wa siku mbili mpaka kibanda cha juu, tuanzie upande upi?

Shikamoo mzee. Mi na shemeji yangu na rafiki yake tunataka kupiga mzunguko wa siku mbili mlimani, tulale kwenye kibanda cha juu halafu kesho yake tushukie upande wa pili mpaka pale pale tulipoacha gari. Tunaanzia mita 1,500. Siku ya kwanza ni kilomita 14, tunavuka mgongo wa mlima kwenye mita 2,700 kisha tunashuka kidogo hadi kibandani, mita 2,400. Siku ya pili kilomita 13, ukitoka tu kibandani unapanda mpaka mita 2,850 na hapo kwenye kupanda kuna kipande cha mwamba kimefungwa nyaya za chuma za kushikilia, baada ya hapo ni kushuka tu mpaka kwenye gari. Shemeji anasema apu imempa masaa matano kila siku kwa hiyo hata tukianza saa nne asubuhi hakuna shida. Yeye anataka tugeuze mzunguko tuanze na upande wa nyaya ili tumalize pagumu siku ya kwanza. Tumebishana mpaka basi. Kibanda tumeshabuku, tunaenda mwanzoni mwa majira ya joto. – Mwenye wasiwasi

Marahaba mwanangu. Mmefanya vizuri kubuku mapema. Kuhusu ubishi wenu, wewe uko sahihi na shemeji hayuko mbali sana na ukweli, ila amekosea hesabu mbili.

Tuanze na upande. Msigeuze. Wazo la shemeji la kumaliza pagumu mapema ni zuri, tatizo ni kwamba mkigeuza, kile kipande cha nyaya mtakifikia mchana wa siku ya kwanza baada ya kupanda mita 1,350 na begi mgongoni, miguu imeshaanza kutetemeka, na mtakuwa mnakishuka badala ya kukipanda. Mwamba unaoupanda unauona mbele ya macho, unachagua pa kushika na pa kukanyaga. Ukishuka unatafuta kwa ncha ya buti kitu usichokiona, na begi linakusukuma utoke nje. Mkienda kama mlivyopanga nyie mnaufikia mwamba asubuhi, mmelala, mmekula, na mnaupanda. Hiyo peke yake inatosha kumaliza ubishi.

Sasa masaa. Apu nyingi, pamoja na vitabu vingi tu, zinatumia hesabu inayofanana na ile ya William Naismith, Mskoti, aliyoitoa mwaka 1892: ukiibadilisha kwenye mita inakuja kama saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa siku yenu ya kwanza hiyo ni masaa mawili na dakika 48 za umbali, ongeza mawili ya kupanda, jumla kama masaa manne na dakika 50. Ndo hayo matano ya shemeji. Lakini Naismith alikuwa anahesabu mtu aliye fiti kwenye njia nzuri, na kupumzika hakumo kabisa.

Wajerumani na Waustria wana hesabu nyingine ambayo mi naiamini zaidi kwa njia za milimani. Kwa saa moja unahesabu kilomita 4 za tambarare, au mita 300 za kupanda, au mita 500 za kushuka. Unapata muda wa umbali, unapata muda wa kupanda na kushuka ukiujumlisha, halafu unachukua ule mkubwa mzima na kuongeza nusu ya ule mdogo. Kwenu siku ya kwanza: kilomita 14 ni masaa matatu na nusu. Kupanda mita 1,200 ni masaa manne, kushuka 300 ni dakika 36, jumla masaa manne na dakika 36. Huo ndo mkubwa, ongeza nusu ya matatu na nusu, inakuja masaa sita na dakika 20 hivi. Weka na mapumziko, kula, kupiga picha, kufunga kamba za buti, mtu mmoja kutafuta kichaka, hiyo ni saa moja na nusu nyingine kwa watu watatu na msibishane na mimi. Mnafika karibu masaa manane.

Mkitoka saa moja asubuhi mnaingia kibandani kama saa tisa kasoro. Mkitoka saa nne, mnaingia saa kumi na mbili kasoro jioni, chakula kinakaribia kupakuliwa na msimamizi wa kibanda ameshaanza kuchungulia dirishani. Hata hilo si baya sana. Baya ni kwamba ule mgongo wa mita 2,700 mtakuwa juu yake alasiri, na majira ya joto milimani radi zinapenda hasa muda huo, kwa sababu jua la asubuhi linapasha miteremko, hewa yenye unyevu inapanda, mawingu yanavimba, na kuanzia mchana yanaanza kupasuka. Mtu anayetoka mapema anakuwa ameshavuka.

Hapo bado sijagusa jambo ambalo kwenye mzunguko watu wengi hawalipangi kabisa. Njia ya kwenda na kurudi ni rahisi kwa maana moja, ukichoka unageuka na kila hatua inakurudisha nyumbani kwa njia uliyoshaiona. Mzunguko hauko hivyo. Kuna mahali ukishapita, kugeuka ni kurefu au ni kubaya kuliko kuendelea, na mtu akifika hapo akiwa amechoka au mvua imeanza anaendelea mbele kwa sababu tu nyuma kumeshakuwa mbali. Kwa hiyo kaeni na ramani leo, mkiwa mmeshiba na mko pakavu, mtafute hizo sehemu, na kila moja muiandikie saa.

Kwenu naziona mbili. Ya kwanza ni ule mgongo wa siku ya kwanza. Wekeni saa ya mwisho, mi ningesema saa nane mchana: kama saa nane hamjafika juu, au mnaona wingu jeusi limekaa pale pale mnapokwenda, mnageuka na kurudi kwenye gari na mnapiga simu kibandani kuwaambia hamji. Hiyo simu ni ya lazima, maana msipotokea msimamizi anaweza kuita watu wa uokoaji waanze kuwatafuta usiku.

Ya pili ni mwanzo wa nyaya, na hapo nasema mwanzo, si katikati. Uamuzi ufanyike mkiwa mmesimama chini ya mwamba. Je, mwamba umelowa? Kuna ngurumo? Kuna mmoja wenu amenyamaza tangu asubuhi na mikono inatetemeka? Kama jibu la mojawapo ni ndiyo, mnarudi kibandani. Na kurudi kwenye gari kutokea hapo kibandani kwa njia ya jana ni kupanda mita 300 tu na kushuka 1,200, kwa hesabu ile ile ni masaa matano na robo hivi, siyo mwisho wa dunia na njia mnaijua. Halafu mkifika kibandani muulizeni msimamizi kama kuna njia ya bondeni ya moja kwa moja, ile inayotumika kupandishia mizigo. Vibanda vingi vinayo. Itawatoa mbali na gari, lakini kulipa teksi kuzunguka mlima ni nafuu kuliko mengi mnayoweza kuyapata huko juu.

Kuhusu zile nyaya zenyewe, ulizeni mapema ni za aina gani. Kuna nyaya za kushikilia tu kama chuma cha pembeni mwa ngazi, sehemu mbili tatu zenye utelezi, hizo unapita ukizishika kwa mikono. Na kuna njia za chuma kamili, ambazo mtu anavaa mkanda wa kiunoni wenye kamba mbili fupi na kifaa cha kupunguza mshtuko, pamoja na kofia ngumu. Kama ni za aina ya pili na hamjawahi, tafuteni mwongozaji au mbadilishe njia, kwa hilo sina mjadala. Kwenye aina zote mbili kuna sheria moja watu wanaisahau: kati ya kigingi kimoja cha chuma na kingine awepo mtu mmoja tu. Waya ukivutwa ghafla na anayeteleza, unampiga au unamwangusha na mwenzake. Subiri shemeji apite kigingi ndo wewe ushike. Na radi ikianza kusikika, waya ni kitu cha kukaa nacho mbali.

Kwa vile ni mwanzoni mwa majira ya joto, theluji nayo. Miteremko isiyopata jua, hasa kwenye mifereji nyembamba ya mwamba, huwa inabaki na theluji ya zamani wakati kila mahali pengine pameshaota majani. Asubuhi huwa ngumu kama kioo, na mtu akiteleza pale hasimami mpaka kwenye mawe ya chini. Mita ishirini tu za theluji ya hivyo bila vyuma vya kuvaa chini ya buti na shoka la barafu zinatosha kufuta safari nzima. Siku mbili kabla ya kwenda mpigie simu msimamizi wa kibanda umuulize mambo matatu: theluji iko wapi, nyaya ziko sawa, maji ya kibandani yananyweka au mbebe dawa ya kusafishia. Anaijua njia kuliko apu yoyote.

Mizigo sitaki kuisema sana maana kila mtu ana lake, lakini kwa kulala kibandani kilo nane pamoja na maji zinatosha, ukifika kumi na mbili umebeba hofu zako. Kimoja tu nitasisitiza: nguo ya joto na koti la mvua vibebwe hata kama chini ni jua kali. Hewa inapoa kama nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda, yaani penye gari pakiwa na nyuzi 20, kwenye 2,850 kuna kama 11, na huo ni kabla upepo haujaanza. Ukilowa na jasho halafu ukasimama kwenye upepo wa nyuzi 11 ukimsubiri mwenzako amalize waya, utanielewa.

Mzee habari. Kaka yangu anasema kubeba ramani ya karatasi siku hizi ni ushamba, simu ina kila kitu. Mi najua kusoma ramani ya mjini tu. Kuna haja? – Dada mtu

Salama dada. Simu ni nzuri na mi mwenyewe natumia, ramani uwe umeshaipakua kabla, simu uiweke kwenye hali ya ndegeni, ikae mfuko wa ndani karibu na mwili kwa sababu baridi inakula betri, na pawabenki iwepo. Ila simu inaonyesha kipande kidogo cha dunia kwa wakati mmoja, huoni bonde la pembeni ambalo lingekutoa haraka. Na inaweza kuanguka. Karatasi ikianguka unaiokota.

Kusoma ni rahisi kuliko unavyofikiri. Chukua ramani ya 1:25,000, sentimita moja ni mita 250. Ile mistari ya kahawia ni kontua, kila mstari ni kimo kimoja, na ramani inakwambia kutoka mstari hadi mstari ni mita ngapi, tuseme 20. Mistari ikiwa imeachana milimita mbili, mteremko ni kama nyuzi 22, unapanda huku unaongea. Ikikaribiana hadi milimita moja, ni karibu nyuzi 39, hapo maongezi yanakatika, na kama kuna theluji mpya huo ni mteremko wa maporomoko. Ikigusana kabisa ni ukuta. Mwambie kaka akuonyeshe kwenye simu yake mteremko wa nyuzi 39 uko wapi kwenye mzunguko wenu halafu usikilize atakachosema.

Shikamoo. Tunapanga mzunguko wa siku tatu, kibanda cha usiku wa kwanza kiko mita 3,600, sisi tunakaa karibu usawa wa bahari. Mume wangu ni mkimbiaji wa marathoni, anasema kwa mazoezi aliyonayo hatuhitaji siku ya kuzoea. Mi natembea kawaida tu. Nani atamchelewesha mwenzake? – Mke wa mkimbiaji

Marahaba mama. Swali lako limenifurahisha, maana jibu linaweza lisimpendeze mzee wa marathoni.

Uimara wa pumzi na miguu haumlindi mtu na ugonjwa wa mwinuko. Kwenye mita 3,600 kila pumzi inakupa kama theluthi mbili tu za oksijeni unayoipata usawa wa bahari, na mwili unahitaji muda kujirekebisha, muda ambao mazoezi hayaununui. Tena wakimbiaji mara nyingi ndo wanaoumwa kwa sababu wanapanda haraka na hawajui kukaa nyuma. Wewe unayetembea kawaida unaweza ukalala vizuri na yeye akatapika usiku kucha.

Mpango wa kulala 3,600 usiku wa kwanza mkitokea chini siupendi hata kidogo. Laleni kwanza usiku mmoja, ikiwezekana miwili, kwenye kimo cha kati, tuseme kati ya 2,500 na 3,000. Ukishavuka 3,000, ushauri wa madaktari wa milimani ni kwamba pale unapolala pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500 hivi, na kila baada ya siku tatu au nne unakaa siku moja bila kupandisha kimo cha kulala. Kinachohesabiwa ni pa kulala, mchana mnaweza kupanda juu zaidi na kushuka. Sasa angalia mzunguko wenu, kama siku ya pili nayo inapanda zaidi na hakuna mahali pa kulala chini, basi huo mzunguko si wa siku tatu, ni wa tano, au mchague mwingine.

Dalili zenyewe: kichwa kuuma, pamoja na kichefuchefu, au kizunguzungu, au uchovu usio wa kawaida. Ikiwa hivyo hampandi zaidi mpaka ziishe, na zikizidi mnashuka. Kuna kipimo ambacho hakihitaji kifaa, mwambie atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, hatua kumi. Akiyumba kama mlevi, au akiwa anachanganyikiwa, au anahema na kukohoa akiwa amekaa tu, mnashuka saa hiyo hiyo hata kama ni usiku, na asiachwe peke yake. Mambo ya vidonge muone daktari kabla ya safari, si mimi. Na kama kwenu ukubwa wa sauti ndo unaamua, onyesha hii karatasi.

Mzee, sijawahi kulala kibanda cha mlimani. Nisijiaibishe vipi? – Mgeni

Buti unavua mlangoni, ndani unavaa kandambili zako au za pale. Kwa kulala unabeba shuka lako la mfuko jembamba, mablanketi wanayo, na unalala chumba kimoja na watu wengi kwa hiyo vizibo vya masikio ni uungwana kwako mwenyewe maana watu wanakoroma. Keshi beba, kadi si kila mahali. Saa nne usiku kimya. Anayeondoka alfajiri anapanga begi jioni, asije akaanza kukwaruza mifuko ya plastiki saa kumi usiku watu wamelala, hilo ndo kosa ambalo halisamehewi. Taka zako unashuka nazo. Na kile kitabu cha wageni siyo cha kusaini kwa kujionyesha, andika jina, mnatoka wapi, kesho mnakwenda wapi na kwa njia ipi, kwa sababu mkipotea waokoaji wanaanzia hapo.

Mtu akiumia na simu haina mtandao anafanyaje? – Msomaji wa muda mrefu

Kwanza jaribu 112 hata kama simu inaonyesha huna mtandao wako, kwa sababu simu ya dharura inaweza kupita kwenye mnara wa kampuni nyingine, na Ulaya nzima namba ni hiyo, kwingine ujue namba ya pale kabla hujaondoka. Isiposhika, ishara ya kuomba msaada ya milima ya Alps ni sita kwa dakika moja, yaani kila baada ya sekunde kumi unapuliza filimbi au unamulika tochi au unapunga nguo, halafu unanyamaza dakika moja, unarudia. Ukijibiwa utasikia au kuona tatu kwa dakika. Endelea hata ukishajibiwa, maana wanakufuata kwa hiyo sauti. Helikopta ikija simama wima, mikono yote miwili juu kama herufi Y ndo ndiyo tunahitaji msaada. Mkono mmoja juu na mmoja chini ni hapana, kwa hiyo usimpungie rubani mkono mmoja kama unamuaga mtu stendi. Na vitu vyote vyepesi vikalieni au vifungeni, upepo wa panga zake unabeba mpaka begi.